Herufi Nyeupe za Matairi ya Land Cruiser: Sabuni, Stiliwaya, Sifongo na Dawa Kali, Baada ya Majaribio ya Majuma Sita Moshi

Land Cruiser yangu ni FJ40 ya mwaka 1979, yenye injini ya petroli ya silinda sita, na kwa miaka mingi ilitembelea matairi meusi ya kawaida ambayo hayakuhitaji uangalizi wowote zaidi ya upepo na maji. Marehemu baba aliinunua ikiwa imekwishatumika, akaniachia mimi, na nilipomaliza kuipaka rangi upya niliamua kuivalisha matairi matano ya BFGoodrich All-Terrain ya kipimo cha 31x10.50R15, yale yenye maandishi meupe yaliyoinuka ubavuni. Yaliipendeza sana. Aina hiyo ya tairi ilianza kuuzwa mwaka 1976, kwa hiyo gari na maandishi yale ni wa rika moja, na nilipoiegesha nyumbani siku ya kwanza nilikaa barazani nikiitazama mpaka chai ikapoa.

Miezi minane baadaye maandishi yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Tairi la herufi nyeupe ni kama kanzu ya Ijumaa: likiwa safi gari zima huonekana limetunzwa, na likiwa na doa mtu haoni kitu kingine. Nilianza kuuliza madukani na kwa vijana wanaoosha magari, Moshi na Arusha, na karibu kila niliyemwuliza alikuwa na dawa ya kunipakia juu ya dawa iliyokuwapo. Ndipo nilipoamua kujaribu mwenyewe, njia moja kwa kila tairi, kwa majuma sita ya mwezi wa Juni na Julai, wakati matope ya masika yamekauka na vumbi jekundu la njia ya Kibosho limeanza kuruka. Nimeandika nilichokiona kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya kizamani, kwa sababu nimeridhika kabisa kwamba herufi zetu haziharibiwi na vumbi kwa kiasi tunachodhani. Zinaharibiwa zaidi na kile tunachoruhusu kipakwe baada ya gari kuoshwa.

Kwanza tuelewane kuhusu weupe wenyewe, maana wengi hudhani ni rangi iliyopakwa kwa brashi. Ni mpira. Tairi la kawaida ni jeusi kwa sababu mpira wake umechanganywa na masizi laini ya kaboni, ambayo huuongezea uimara na kuukinga na jua. Mpira wa herufi hauwekewi masizi hayo. Weupe wake unatokana na titani dioksidi na oksidi ya zinki. Kiwandani tabaka la mpira mweupe huwekwa ubavuni mwa tairi na kufunikwa kwa ngozi nyembamba ya mpira mweusi, kisha tairi likishatoka kwenye kalibu, sehemu ya juu ya herufi husagwa mpaka ile ngozi nyeusi iondoke na weupe utokeze. Ukiinama na kuitazama herufi moja kwa karibu utaliona jambo hili kwa macho yako: uso wa herufi ni mweupe, lakini kuta zake za pembeni ni nyeusi. Hii ina maana kwamba weupe una kina, na kina hicho kina mwisho. Mwenye kusugua ovyo anaula mtaji wake.

Tairi likiwa jipya herufi huja zimefunikwa kwa utando wa rangi ya buluu, ambao kazi yake ni kuzuia weupe usichafuliwe na mpira mweusi wa matairi mengine yanapobanana safarini na ghalani. Fundi aliyenifungia matairi aliniambia niuache, utaondoka wenyewe barabarani. Sikukubali, na ninawashauri wengine wasikubali. Utando ule huondoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini kwa dakika chache tu ukiwa bado mpya, lakini ukiachwa upigwe na jua na kushika vumbi utahitaji kusuguliwa kwa nguvu, na kusugua kwa nguvu ndiko tunakotaka kukuepuka. Fundi huyohuyo alikuwa karibu kuyafunga matairi maandishi yakiwa yametazama ndani, kwa kuwa upande mmoja wa tairi ni mweusi mtupu. Simama karibu wakati wa kufunga.

Sasa kuhusu ule ukahawia. Hewa tunayovuta ina ozoni kidogo, na ozoni hiyo huushambulia mpira na kuutia nyufa ndogondogo. Ili kuukinga, watengenezaji huchanganya ndani ya mpira kemikali ambazo husafiri polepole kutoka ndani hadi juu, zipambane na ozoni kabla haijaufikia mpira wenyewe. Inayotumika sana inaitwa 6PPD. Ikishafika juu na kukutana na hewa, hugeuka kahawia. Kwenye mpira mweusi huioni vizuri, isipokuwa tairi linaonekana limepauka na kuwa kama limepakwa kahawa nyepesi. Kwenye mpira mweupe inaonekana mara moja. Kwa hiyo doa lile si uchafu uliotoka barabarani. Ni kinga ya tairi ikifanya kazi yake, na haina budi kurudi kila baada ya muda, hata ukiosha kwa dawa ya bei gani.

Sikuliamini jambo hili mpaka niliposhuhudia kwa tairi langu la tano. Chuma kinachoshika tairi la akiba mlangoni nyuma kilikuwa kimekatika, na fundi wa kuchomelea alinichelewesha, basi tairi lile lilikaa stoo miezi yote minane likiwa limefunikwa kwa shuka kuukuu. Halikukanyaga barabara hata mita moja, halikuona jua, halikupakwa kitu chochote. Nililiosha utando wa buluu pamoja na mengine siku ileile. Nilipolifunua, maandishi yake yalikuwa yamegeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Nilipitisha kidole kilicholowa maji juu ya herufi, na kidole kikatoka safi. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwenye tairi la mbele lililotoka kuzunguka na gari: kidole kikatoka na udongo mwekundu, na chini ya udongo ule ukahawia ukabaki palepale. Udongo hutoka kwa maji. Kilichobaki baada ya maji ndicho tunachopambana nacho.

Hata hivyo, tofauti kati ya matairi manne yaliyotembea na lile la stoo ilikuwa kubwa kuliko nilivyotazamia, na sababu yake ninaifahamu. Miezi michache kabla nilikwenda Arusha kwa shughuli ya ukoo, nikaiacha gari kwenye sehemu moja ya kuoshea magari ambayo sitaitaja, nikawaomba waioshe tu. Niliporudi nilikuta matairi yanang'aa kama viatu vya harusi. Harufu ilinieleza kilichotendeka kabla sijauliza. Kijana alikuwa na chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani yake dawa ya kung'arisha iliyozimuliwa kwa dizeli, na alikuwa amepaka tairi zima, herufi na kila kitu, kwa kipande cha godoro. Alifanya kwa nia njema, na aliniambia kwa fahari kwamba ile ni zawadi, hainiongezei gharama. Sina kinyongo naye, kwani ndivyo alivyofundishwa na ndivyo wateja wengi wanavyopenda. Lakini nilipofika Boma Ng'ombe na kusimama kununua ndizi, matairi yote manne yalikuwa yamevaa koti la vumbi lililoganda, na nilipoliosha nyumbani, herufi zilikuwa zimeingia doa la manjano ambalo sabuni haikuligusa.

Sababu yake ni hii. Dizeli na dawa za kung'arisha zilizotengenezwa kwa vimumunyisho vya petroli huulainisha mpira na kuuvimbisha kidogo, na zinapoingia zinavuta kutoka ndani zile kemikali za kahawia na mafuta ya mpira wenyewe, ambavyo huishia kwenye uso mweupe. Silikoni iliyomo huacha utelezi unaonasa kila chembe ya vumbi. Mtu anaona tairi limechakaa, anaongeza dawa, na kila anapoongeza anazidisha kilichomsumbua. Kwa mwenye matairi meusi hasara hii huchelewa kuonekana. Kwa mwenye herufi nyeupe inaonekana katika safari moja ya kilomita 80.

Nilianza majaribio kwa tairi la mbele kulia, ambalo nililiosha kwa sabuni ya mche na brashi ya nailoni yenye meno magumu kiasi, ile ya kufulia majamvi. Sikutarajia mengi. Nililoweka ubavu mzima kwanza, nikasugua sabuni moja kwa moja kwenye brashi, nikazungusha juu ya herufi kwa mizunguko midogo, nikasuuza kabla povu halijakauka, nikarudia mara tatu. Mara ya kwanza povu lilikuwa jekundu, mara ya pili likawa la kahawia, mara ya tatu likawa karibu jeupe. Herufi hazikuwa nyeupe kama mpya, lakini zilikuwa zimefika mahali ambapo mtu aliyesimama hatua tano asingesema kitu. Gharama yake ilikuwa sabuni iliyokuwapo jikoni na brashi ya shilingi 3,000.

Tairi la mbele kushoto nililisugua kwa stiliwaya na sabuni. Hii ndiyo njia ambayo karibu kila mtu atakuelekeza, na kwa dakika kumi za kwanza inafurahisha, kwa kuwa weupe unatoka haraka sana. Siipendekezi. Stiliwaya huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo hujichoma kwenye mpira na kwenye mifereji kati ya herufi, na baada ya siku mbili za umande vilikuwa vimeshika kutu, nami nikawa na vidoa vya rangi ya machungwa ambavyo havikuwapo. Pia huacha uso wa herufi una mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo hushika uchafu haraka zaidi juma linalofuata. Asiye na kitu kingine aitumie mara moja kwa mwaka, asuuze kwa maji mengi, na asikandamize.

Tairi la nyuma kulia lilinishangaza. Nilinunua sifongo ya melamini, ile nyeupe nyepesi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usafi kwa ajili ya kufuta alama ukutani, pakiti ya vipande vinne kwa shilingi 5,000. Haina dawa ndani yake. Melamini ikiwa povu lililokauka ni ngumu lakini ina vitundu vidogo mno, na ikiloa hufanya kazi kama msasa laini kupita wowote unaouzwa dukani. Nilikata kila kipande kwa kisu kuwa vipande vinne vya ukubwa wa kiberiti, nikaliosha tairi kwa sabuni ya mche kama lile la kwanza, kisha nikasugua herufi moja moja kwa sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa. Nilianza na B. Maji yaliyochuruzika chini ya ile B yalikuwa kama mchuzi wa maharage, na nilipopangusa kwa kitambaa, B ilikuwa nyeupe na F iliyofuata ilikuwa bado ya kahawia, zikiwa zimekaa pamoja kama meno ya watu wawili tofauti. Nilimwita mwanangu aje aone. Kasoro yake ni kwamba sifongo hukatika kwenye kingo za herufi na kuisha kama kifutio cha mtoto wa shule. Tairi moja lilinimalizia kipande kimoja na nusu. Ukisugua uso wa herufi tu bila kugonga ukingo, itadumu zaidi. Nayo pia inakula mpira, ingawa kwa uchache sana, kwa hiyo isiwe kazi ya kila juma.

Tairi la nyuma kushoto ndilo nililolitengea dawa maalumu. Niliagiza Bleche-Wite kupitia ndugu aliyekuwa akirudi kutoka nje, kwa kuwa sikuipata Moshi wala katika maduka ya vipuri niliyoyapitia Arusha. Ni dawa ya Marekani iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Westley's, na imetengenezwa kwa ajili ya matairi yenye mistari na herufi nyeupe. Inafanya kazi. Ilikuwa njia pekee iliyoondoa lile doa la manjano la dizeli kwa mara moja, na nililitazama likichuruzika likiwa na rangi ya asali. Lakini ni dawa kali yenye asili ya magadi makali, na lazima iheshimiwe. Tairi liwe limepoa na gari liwe kivulini, mikono iwe na glavu, macho yawe mbali na mnyunyizo, na isuuzwe ndani ya dakika moja au mbili bila kuachwa ikauke. Rimu zangu ni za chuma kilichopakwa rangi, na hata hivyo nilizimwagia maji kabla ya kuanza. Mwenye rimu za alumini iliyong'arishwa, isiyo na rangi ya kuikinga, asiiruhusu iziguse hata kidogo, kwa maana itaziachia ukungu mweupe usiotoka kwa kitambaa. Mimi naiona kama dawa ya hospitali: ya kutibu ajali iliyokwishatokea, na baada ya hapo irudishwe kabatini.

Lilibaki tairi la tano. Hilo nililitumia kujaribu msasa namba 400 wenye maji, kwenye neno moja tu la All-Terrain, na kwa moyo mzito. Matokeo ni mazuri kuliko yote, herufi zilirudi kama siku zilipotoka kiwandani, na vumbi jeupe lililobaki mkononi lilinionyesha waziwazi nilichokuwa nikikipunguza. Msasa ni wa mara moja, labda mbili, katika maisha ya tairi. Hapohapo nitaje mambo mawili ambayo sikuyajaribu kwa sababu sikuona haja: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo huukausha mpira na kuuharakishia nyufa, na kalamu za rangi nyeupe zinazouzwa kwa ajili ya kuchorea herufi. Rangi hukaa juu ya mpira unaojikunja kila gurudumu linapozunguka. Itapasuka na kubanduka, na kuiondoa kwenye herufi halisi ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kwa majuma sita nililinganisha matairi hayo kila Jumapili jioni kabla sijaosha. Sabuni ya mche na sifongo ya melamini zilikaa nyeupe muda sawa na ile dawa kali. La stiliwaya ndilo lililochafuka kwanza. Hilo ndilo lililonifanya niache kununua vitu: baada ya doa la dizeli kuondoka, dawa ghali haikunipa siku hata moja ya ziada. Kilichonipa siku za ziada ni kutopaka kitu chochote juu.

Sina nafasi ya kuosha mwenyewe kila juma, na ndipo ninapotaka kuisifu sehemu ndogo ya kuoshea magari iliyo upande wa Majengo hapa Moshi, isiyo na bango wala jina, yenye tangi la maji, mashine moja ya presha na vijana watatu. Nilifika hapo mara ya kwanza nikiwa nimejiandaa kusimama na kukataza. Kijana aliyekuja akanisalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba muioshe gari, lakini tairi msipake dawa. Maji na sabuni tu."

Akachuchumaa mbele ya gurudumu la nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya herufi, akaitazama kwa muda.

"Hizi zimeshapakwa dizeli mama, au siyo? Dizeli inaziua hizi. Mimi nitakuoshea kwa mkono, ila uniachie nusu saa."

Nilimwachia saa nzima. Alitumia ndoo ya peke yake kwa matairi, jambo ambalo nimeliona mahali pachache sana, kwani wengi huosha matairi na milango kwa ndoo ileile na kuihamishia rangi ya gari mchanga wote wa barabarani. Brashi yake ilikuwa ya viatu, ameikata meno yakawa mafupi na magumu, na anaifuata herufi kama mtu anayeandika: anateremka na mguu wa R, anazunguka tumbo la D, anaingia katikati ya A kwa ncha. Alimaliza tairi moja kabisa, akasuuza, ndipo akahamia lingine, ili sabuni isikaukie popote. Nililipa shilingi 10,000 za gari na 4,000 za herufi, na nimerudi kila baada ya majuma mawili tangu siku hiyo.

Kasoro zipo na ni haki kuzitaja. Kijana mwenzake anayeshika mashine ya presha huisogeza karibu mno na ubavu wa tairi. Mara mbili nimelazimika kumwomba arudi nyuma, kwa sababu mkondo mkali wa maji ukiwa sentimita chache kutoka kwenye mpira unaweza kuuchana, hasa kwenye tairi lililozeeka. Hatua moja nyuma inatosha. Sabuni ya unga wanayoipima kwa kopo wakati mwingine huzidi, ikaacha utando mweupe kwenye mpira mweusi. Jumamosi foleni ni ndefu na hakuna pa kukaa. Baada ya saa sita mchana kivuli cha mwembe huhamia upande wa pili na magari huoshwa juani, na kwa kazi ya herufi hilo ni tatizo kubwa, kwa kuwa tairi lenye moto hukausha povu kabla brashi haijafika. Nendeni asubuhi, siku ya Jumanne au Jumatano, na mwombeni huyo mwenye brashi ya viatu.

Kwa wale wasiovumilia kuona mpira mweusi ukiwa hauna mng'ao, na ninaelewa, kwani gari la maonyesho lina mahitaji yake, ipo dawa ya kung'arisha iliyotengenezwa kwa maji. Kwa kawaida hufanana na maziwa mepesi ikiwa chupani, wakati ile ya vimumunyisho vya petroli mara nyingi ni angavu kama mafuta ya taa, inateleza vidoleni na ina harufu yake. Someni chupa kabla ya kulipa. Ipakwe kwa brashi ndogo ya rangi kwenye weusi peke yake, kuzunguka herufi, iachwe dakika kumi, kisha ipanguswe kwa kitambaa kikavu mpaka isishike mkono. Isiguse kamwe sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Mimi nimeipaka mara moja tu, kwa harusi ya binti wa dada yangu kule Machame, na nikaiosha kesho yake.

Na mnapokuwa mmeinama pale chini na brashi, tazameni pia tarakimu nne zilizo mwishoni mwa ule mstari unaoanza na DOT. Zikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Magari yetu ya kizamani hutembea kidogo, kashata za tairi hubaki ndefu, na mwenye gari hudhani tairi ni zima kumbe limekwisha umri. Michelin, ambao ndio wamiliki wa BFGoodrich, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe hata kama linaonekana zuri. Brashi ya juma kwa juma ndiyo nafasi yenu ya kuona nyufa ndogo chini ya herufi mapema. Nimewahi kuona gari moja Arusha, Datsun iliyotunzwa vizuri sana, herufi zake nyeupe kama pamba, na kati ya herufi mpira umepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Nilimweleza mwenyewe, naye akanishukuru.

Chuma cha kushikia tairi la akiba kimekwishachomelewa, na tairi la tano sasa limefungwa mlangoni nyuma. Kwenye neno lile la All-Terrain nililolipitisha msasa, niliiacha N ya mwisho bila kuigusa, na mpaka leo haijaoshwa kwa kitu chochote isipokuwa maji. Kila Jumapili huwa naanza kwa kuitazama hiyo, kisha ndipo nazunguka kuyatazama mengine manne.